Maneno Matano ya Kiingereza na Mtoto wa Unguja: Juu ya Vyombo vya Kisasa katika Kufundisha Kusoma

Katika lugha ya Kiingereza yako maneno matano mafupi ambayo mtoto wa Unguja, akiandikiwa ubaoni, huyasoma bila ya kusita wala kukosea herufi hata moja: pale, vile, pole, tone na mate. Huyasoma hivyo kwa sababu ni maneno ya kwao. Pale ni mahali, vile ni namna, pole ni neno la kumliwaza aliyefikwa na jambo, tone ni la maji, na mate ni ya kinywani. Mwalimu amwambiapo ya kuwa Waingereza nao wana maneno matano yaandikwayo vivyo hivyo, na ya kuwa kwao la kwanza ni kitu kilichofifia rangi, la pili ni jambo la kuchukiza, la tatu ni mti wa kusimamishwa kama mlingoti, la nne ni mlio wa sauti na la tano ni mwenzi, mtoto hustaajabu. Akisikia yanavyotamkwa hustaajabu zaidi. Ile e ya mwisho, ambayo yeye aliitamka kwa ukamilifu wake, haisikiki kabisa. Na irabu iliyotangulia, ambayo yeye aliijua tangu siku ya kwanza ya kusoma, imegeuka kuwa sauti nyingine.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo mlango wa shida yote ya kusoma Kiingereza kwa mtoto ambaye lugha yake ni Kiswahili. Nalo si la kuchekesha kwa mtoto mwenyewe. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, hali skuli ya msingi ilipunguzwa kutoka miaka 7 hadi 6. Na katika skuli za sekondari Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia masomo mengi. Wataalamu kadha wa kadha, miongoni mwao Birgit Brock-Utne na Zehlia Babaci-Wilhite, waliandika kuupinga uamuzi ule wa darasa la tano, wakisema ya kwamba mtoto hujifunza sayansi vizuri zaidi kwa lugha aielewayo. Mjadala huo una haki yake, lakini haumngojei mtoto aliye darasani. Asipoweza kusoma ukurasa wa kitabu cha sayansi, si kwamba atakosa Kiingereza peke yake. Ataikosa na sayansi, na aghalabu ataonekana mjinga katika jambo ambalo akili yake yalimudu.

Kwa hiyo tangu kuanza karne hii zimefanywa juhudi si chache, Unguja na Pemba na ng'ambo ya mkondo katika Tanzania Bara, za kutumia redio, kompyuta, simu za mkononi na vishikwambi ili kumsaidia mtoto avuke kizingiti hicho. Ili kuzipima juhudi hizo sharti kwanza ijulikane mtoto huyu huja na nini mkononi, kwani hayuko kama karatasi nyeupe.

Mtoto wa Unguja, kabla hajaingia skuli au wakati uo huo aingiapo, mara nyingi huwa amekaa chuoni. Huko hufundishwa herufi za Kiarabu, ziandikwazo kutoka kulia kwenda kushoto, na irabu zake zitiwazo juu na chini ya herufi. Katika Kurani irabu zote zimetiwa, hata msomaji aliyehitimu hana haja ya kubahatisha tamko la neno asilolijua. Kisha mtoto huenda skuli akafundishwa kusoma Kiswahili kwa herufi za Kizungu, kutoka kushoto kwenda kulia: ba, be, bi, bo, bu. Hapa bahati yake ni kubwa kuliko ya watoto wengi duniani. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilitengeneza tahajia ya Kiswahili Sanifu juu ya msingi wa Kiunguja. Basi mtoto wa Mji Mkongwe anaposoma kitabu chake cha kwanza husoma takriban yale yale ayasikiayo kwa bibi yake. Irabu ni tano, sauti zake ni tano, na silabi karibu zote huishia kwa irabu.

Hivyo mtoto amekwisha kujua maandishi ya namna mbili, na yote mawili ni maaminifu. Amezoea kwamba herufi haisemi uongo. Ndipo huletewa maandishi ya tatu, yenye irabu tano kwa hesabu ya herufi lakini yenye sauti za irabu zikaribiazo 20 katika matamshi ya kusini mwa Uingereza, na yenye maneno kama "though" na "tough" yanayofanana kwa macho na kuachana kabisa kwa masikio. Anayemfundisha mtoto huyu kana kwamba hajapata kusoma humpotezea wakati. Na anayedhani ya kuwa ujuzi wake wa zamani utamfikisha bila ya msaada humwacha njiani.

Chuo humpa mtoto jambo jingine pia, nalo lina pande mbili: nguvu ya kuhifadhi. Mtoto aliyezoea kuhifadhi sura kwa sikio huweza kuihifadhi kurasa nzima ya kitabu cha Kiingereza baada ya kuisikia mara chache, akawa aigeuza karatasi kwa wakati wake na kuonyesha kwa kidole mstari unaopasa. Mgeni akimtazama atasema mtoto huyu asoma. Lakini ufunike ukurasa uache neno moja tu wazi, utamwona anyamaza. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana vyombo vya kisasa vyaweza kudanganywa nalo kuliko alivyodanganywa mwalimu.

Upande wa matamshi mtoto wa Unguja ana faida ambayo haitajwi sana. Sauti za th na dh, ambazo huwasumbua Wafaransa na Wajerumani, na ambazo watu wengi wa bara huzigeuza kuwa s na z, yeye huzitamka bila ya taabu, kwa kuwa husema thelathini na dhahabu kila siku. Taabu yake ni irabu, na pia zile konsonanti zinazosongamana mwishoni mwa neno bila ya irabu ya kupumzikia. Kitabu kilichoandikwa London kwa watoto wa Kiingereza hakikupangwa kwa taabu hizo. Na programu nyingi za kompyuta ni kitabu hicho hicho kilichotiwa sauti.

Mwanzo wa habari hii si kompyuta, ni redio. Unguja haikuwa ngeni kwa vyombo vya habari: Sauti ya Unguja ilianza kusikika mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi kabla ya nchi nyingine za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Lakini kusikiliza si kujifunza kusoma. Jambo lililoleta mabadiliko ni ile namna ya kufundisha ambayo redio husema kisha hunyamaza, ili watoto wajibu. Namna hii ilijaribiwa kwanza huko Nicaragua katika miaka ya 1970 kwa somo la hesabu. Katika Afrika Mashariki ilifika Kenya, ambako kati ya 1980 na 1985 ilitumika kufundishia Kiingereza watoto wa madarasa matatu ya mwanzo. Kila siku kipindi cha nusu saa kilitoka hewani. Sauti ya redio ikauliza, watoto wakajibu kwa pamoja, wakasimama, wakaonyesha kitu, wakasoma neno lililoandikwa ubaoni na mwalimu kabla ya kipindi, na redio ikasema jibu lililo sawa. Matokeo yalikuwa mema katika kusikia na hata katika kusoma.

Zanzibar iliichukua njia hiyo mwaka 2006, Wizara ya Elimu ikishirikiana na taasisi ya Kimarekani iitwayo EDC kwa fedha za serikali ya Marekani. Vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze, navyo vilitungwa kwa watoto wa maandalizi na wa madarasa ya chini, vikiwa na Kiswahili, Kiingereza na hesabu, pamoja na nyimbo na michezo. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba havikudai jengo. Watoto waliweza kukaa chini ya mwembe na mlezi mmoja wa kijijini, redio katikati. Tena havikumdai mlezi yule awe hodari wa Kiingereza, kwa kuwa tamko lilitoka katika redio, na yeye alijifunza pamoja na watoto pasipo kuvunjiwa heshima. Jambo hili la mwisho lastahili kutiliwa mkazo. Mwalimu mwingi wa skuli ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili, akapata Kiingereza chake kwa jitihada yake mwenyewe, naye ajua kwamba tamko lake si la yakini. Chombo kinachomsahihisha mbele ya wanafunzi atakifungia kabatini. Chombo kinachomtangulia kwa upole atakifungua kila siku.

Lakini redio ina upungufu usioondoka. Haiwezi kurudia kwa mtoto mmoja aliyechelewa, wala haionyeshi herufi. Neno pole likisomwa redioni kwa Kiingereza, mtoto alisikia. E ya mwisho isiyotamkwa haikumwonekania. Hapo ndipo kompyuta ilipokuja kuwa na faida ya kweli, na faida yenyewe ni hii: chombo kimoja chaweza kumwonyesha mtoto herufi na kumsikilizisha sauti yake kwa wakati ule ule mmoja, na kumrudilia mara 40 bila ya kukunja uso. Katika neno mate, e ya mwisho yaweza kufifishwa rangi ili mtoto aone ya kuwa haisemi, na a yaweza kung'arishwa wakati sauti yake mpya inaposikika. Kisha kando yake ikawekwa picha ya mate na picha ya marafiki wawili, na mtoto akaulizwa neno hili limesomwa kwa lugha gani. Ubao na chaki vyaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, lakini si yote, wala si kwa mtoto mmoja mmoja katika darasa lenye watoto wengi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi mwingine wa msaada wa Marekani, uliojulikana kwa jina la TZ21, ulipeleka kompyuta katika skuli za msingi za Zanzibar na za mkoa wa Mtwara kwa ajili ya kusoma katika madarasa ya chini. Mwishoni mwa 2017 kukawa na jaribio la Tanga, lililotangaa zaidi. Shirika la XPRIZE la Marekani lilikuwa limetangaza mwaka 2014 zawadi ya jumla ya dola milioni 15 kwa watakaotunga programu ya kuwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila ya mwalimu. Watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi, vikichajiwa kwa nguvu za jua, wakaachiwa muda wa miezi 15. Kabla ya jaribio zaidi ya tisa katika kila watoto kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada yake idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi kuu iligawanywa baina ya onebillion na Kitkit School, na programu zote zilizofika fainali ziliachwa wazi kwa yeyote atakaye kuzitumia na kuzibadili.

Wengi waliisimulia habari ya Tanga kana kwamba imethibitisha kuwa mwalimu hana haja. Haikuthibitisha hivyo, kwani nusu iliyobaki haikusoma. Kilichodhihiri ni jambo lenye manufaa zaidi kwa Unguja: watoto wale walifundishwa kusoma kwa Kiswahili. Chombo kiliwapa kwanza maandishi yaliyo maaminifu kwa lugha yao. Hayo yanaafikiana na fikira aliyoieleza Jim Cummins wa Kanada mwaka 1979, kwamba ujuzi wa kusoma ulioshika mizizi katika lugha ya kwanza husaidia katika lugha ya pili. Basi atakaye watoto wa Unguja wasome Kiingereza, asikimbilie kuwapa vishikwambi vya Kiingereza wakiwa na miaka mitano. Awape vya Kiswahili, na Kiingereza akilete kupitia mlango unaofahamika, hata kwa maneno yale matano.

Zaidi ya hayo iko kasoro katika vyombo vyenyewe ambayo wauzaji hawaitaji. Programu za kusikiliza tamko la mwanafunzi na kulipima hufunzwa kwa mkusanyo wa sauti za watu, na sauti hizo kwa sehemu kubwa ni za watu wazima wa Marekani na Uingereza. Mtoto wa Makunduchi akisoma sawasawa kwa lafidhi yake, chombo chaweza kumwambia amekosea. Naye, kwa kuwa amefundishwa kuamini chombo, atajirekebisha mpaka akose kweli. Kosa la namna hiyo halionekani na mtu, na kwa sababu hiyo ni baya kuliko kosa la mwalimu. Ni afadhali mara nyingi chombo kimrekodi mtoto na kumsikilizisha sauti yake mwenyewe kando ya sauti ya mfano, kisha hukumu iwe ya mtoto na ya mwalimu wake.

Picha nazo zina hila yake. Programu nyingi huanza na a ya "apple", na tunda jekundu likaonekana. Mtoto wa shamba Unguja akilitazama atasema tofaa, kwa kuwa mtofaa waota katika mashamba ya kwao na tunda lake ni jekundu pia. Lakini tofaa la Unguja si tufaha la Ulaya, wala ladha yake si moja. Hapo mtoto amejifunza neno, akaliweka juu ya kitu kisicho chake. Kosa hilo si kubwa, labda. Ila linafuatwa na theluji, na kindi wa Ulaya, na treni, mpaka mtoto aamini kwamba Kiingereza ni lugha ya vitu visivyokuwapo. Ngalawa, karafuu, mwani wa Paje na Jambiani, kima punju wa Jozani, gari la abiria la kwenda Bububu: vyote hivi vyaweza kusemwa kwa Kiingereza chepesi, na mtoto akavisoma kwa kuwa avijua.

Wasomaji wa jarida la namna hii hawatakosa kuuliza juu ya Kiswahili chenyewe ndani ya vyombo hivi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, kilitoa programu ya kuandikia yenye maagizo ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice, na makampuni makubwa yakafuata. Hata hivyo kijana wa Unguja aandikapo kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, Kiswahili chake chote hupigiwa mstari mwekundu kama kwamba ni makosa, au hugeuzwa kwa nguvu: "kama" ikawa "came". Mtoto anayejifunza kutofautisha tahajia mbili hahitaji mwalimu wa tatu anayezichanganya. Dawa yake ni rahisi, kuweka lugha zote mbili katika simu, lakini wachache hufundishwa kufanya hivyo.

Na umeme? Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wa kwanza ukiwa ni wa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 njia hiyo iliharibika na kisiwa kikakaa giza kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kiza kilikuwa cha miezi mitatu. Skuli iliyokuwa na kompyuta katika siku hizo ilikuwa na sanduku. Mwaka 2013 ulilazwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa njema zaidi. Lakini fundisho halikupotea, kwamba chombo cha darasani kiwe kidogo, cha kuchajiwa kwa jua ikiwezekana, na masomo yawemo ndani yake pasipo kungojea intaneti. Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyokuwamo majumbani. Simu zilikuwamo pia, lakini mzazi asiyeweza kununua kifurushi, simu yake haikuwa skuli.

Yuko mtu mmoja katika Mji Mkongwe ambaye habari hii yamhusu kuliko alivyodhaniwa, naye ni papasi. Akisimama Forodhani humsemeza mgeni kwa Kiingereza, akigeuka humsemeza mwingine kwa Kitaliano, na asikosee. Lugha hizo alizipata kwa sikio, barabarani. Mara nyingine kijana wa namna hii akipewa karatasi ya mkataba wa kazi hotelini humpa mwenzake amsomee, kwa kuwa Kiingereza akisemacho hakijui kwa macho. Kwake yeye haja si sauti, ni daraja kutoka sauti kwenda herufi. Na chombo kilicho bora ni kile kiandikacho chini ya picha maneno yale yale yanayosemwa, ili sikio lifundishe jicho. Nchini India maandishi ya namna hiyo yalitiwa chini ya nyimbo za filamu katika televisheni, katika lugha ile ile iliyoimbwa, ili watu wazima waliosoma kidogo wazidi kuzoea kusoma. Unguja, iliyojaza majumba ya sinema kwa filamu za Kihindi kwa muda mrefu kabla ya televisheni, haina haja ya kufundishwa kupenda nyimbo hizo.

Kazi iliyobaki si ya kununua, ni ya kutunga. Programu zilizoachwa wazi baada ya jaribio la Tanga zaweza kubadilishwa sauti na picha na yeyote ajuaye kazi hiyo. Mwalimu wa Unguja mwenye tamko zuri la Kiingereza aweza kurekodiwa katika chumba kilichotulia kwa simu ya kawaida, akayasoma maneno mia mbili na hadithi kumi fupi. Msomi wa lugha akazipanga kwa kufuata taabu za msemaji wa Kiswahili, irabu ndefu na fupi kwanza, e isiyotamkwa baadaye, konsonanti zilizosongamana mwisho. Masomo hayo yatiwapo katika kadi ndogo ya kumbukumbu huhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine bila ya intaneti na bila ya gharama, kama vijana wa Darajani wahamishavyo taarabu. Na mwalimu wa Nungwi aliyepata kadi hiyo Jumamosi aweza kufungua somo la kwanza Jumatatu asubuhi, simu juu ya meza, na maneno yale matano yameandikwa ubaoni kwa chaki.